Vyuma vya Majirani

Vita vilipokwisha, jeshi liliuza vitu vyake vilivyochakaa, na mimi niliyekuwa dereva wao nilinunua kilori kimoja ambacho hakuna mwenye akili zake angekitaka. Kilikuwa kifupi, wazi nyuma, rangi ya tope lililokauka. Magurudumu yake yote manne yalivuta, na hilo ndilo lililonipendeza, kwa kuwa gari la namna ile hupita kwenye mchanga na matope ambako malori ya mji hukwama. Mengine yote yalikuwa msiba. Ukikaa nyuma nalo likapita juu ya kokwa la embe, utadhani limepanda ngazi.

Nalikiweka kwenye kiwanja kilicho ubavuni mwa nyumba yetu, mtaa wa Kuze, pale uchochoro unapopanuka kidogo kabla ya kukutana na barabara. Mama alitoka barazani, akakizunguka, akaniuliza kama nimekileta ili tukizike.

Niliwaambia watu nimekinunua kwa biashara. Ukweli ni kwamba nilikinunua kwa ajili ya ndugu yangu wa kike, mdogo wangu wa pekee, aliyeolewa na mwenye duka huko bara nyuma ya milima ya Kwale. Kwetu, mwanamke huzaa mtoto wake wa kwanza kwa mama yake. Hurudi kwenye nyumba alikozaliwa, akakandwa, akalishwa, akakaa arobaini yake, ndipo arudi kwa mumewe na mwana mkononi. Mdogo wangu hakuwahi kuipata heshima hiyo. Mimba ya kwanza ilitoka mapema, hata kabla hatujaambiwa. Ya pili ilikuwa kubwa. Mumewe alimpandisha juu ya lori lililokuwa likiteremka mjini na magunia ya mahindi, akamwekea na mto wa kukalia, na ile njia ikamtikisa kutwa nzima. Alipofika Makupa, mlangoni mwa mji, mtoto alikuwa amekwisha kwenda. Mimi ndiye niliyempokea pale, nikamteremsha kwa kumbeba. Mengine sitayaeleza.

Sasa alikuwa na ya tatu. Mkunga wa mtaani kwetu alimwambia Mama waziwazi kwamba akitikiswa tena namna ile, yeye asiitwe. Shemegi yangu naye akatuma neno kwamba mkewe hapiti tena njia ile ila kwa gari ambalo yeye mwenyewe amelipanda akaridhika nalo. Na Mama akaapa kuwa mwanawe hatazaa mbali naye. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na haki zote zikaniangukia mimi. Masika yalikuwa yanakaribia, na mvua zikishanyesha njia ile hufungika. Ama gari litengenezeke kabla ya hapo, ama mdogo wangu azalie huko huko, na Mama afe kwa wasiwasi huku mjini.

Nilimwendea mjomba wangu, ndugu yake Mama, aliyekuwa mhunzi. Ni mtu aliyekuwa na hasira kama zangu, na ndiyo sababu watu wa Kuze walikuwa wakija kutuangalia tukifanya kazi kama wanaokuja kuangalia ngoma. Alileta mvukuto wake na makaa, akajenga kitanuri pale kiwanjani, na kutoka siku hiyo nguo zote za Mama zilizoanikwa zikanuka moshi.

Tulianza na tumbo la gari. Njia ya kule ina mawe na visiki vilivyojificha ndani ya majani, na chini kabisa ya injini kuna bakuli la mafuta ambalo bati lake ni jembamba. Jiwe likilitoboa, mafuta humwagika yote, injini hufa, nawe umebaki porini na mwanamke mja mzito. Kwa hiyo tulitaka ngao. Tulipata kipande cha tangi la maji huko Kibarani, kilikuwa kimelala ufukweni kikiliwa na kutu, chuma kinene ambacho watu wanne walikibeba huku wakimtaja Mungu. Mjomba alikikata, akakitoboa, tukakifunga kwa bolti chini ya injini kuanzia mbele hadi katikati. Nilijilaza chini nikakigonga kwa nyundo. Kililia kama kengele. Nikaona raha.

Kisha tukaja kwenye springi. Springi za gari lile zilikuwa vyuma bapa vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikifuatwa na kifupi, vikakazwa pamoja katikati. Gari likiingia shimoni, vyuma hivyo hunyooka, kisha hurudi. Vyetu vingine vilikuwa vimevunjika, na vilivyobaki vilikuwa vimelala chini ya uzito wa lile tangi. Mjomba akasema barazani, kwa sauti yake ya kushindana na nyundo, kwamba yuwataka vyuma vya springi, popote vilipo.

Hapo ndipo mtaa ulipoingia. Kwetu jambo la nyumba moja halikai ndani ya nyumba moja. Pakiwa na harusi, huyu huleta sinia, yule huleta mikeka, mwingine akaja na mikono yake mitupu akakuna nazi. Na kinacholetwa hakirudishwi. Kukirudisha ni kumwambia mtu mbele za watu kwamba mkono wake haukufaa. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa mtaa ule, kila nyumba ilikuwa imemlisha, na kila nyumba ilijua yaliyompata Makupa. Kwa hiyo vyuma vikaanza kuja.

Mpishi wa halua alileta kimoja kilichokuwa kikishikilia meko yake. Mjane wa nyumba ya mkabala alikuja na chuma alichokuwa akikitia nyuma ya mlango wake usiku, akasema yeye hana cha kuibiwa. Mhindi mwenye duka la misumari alileta cha gari lake la zamani, amekifunga kwa karatasi kama kitambaa cha zawadi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaja na chake, akakisomea dua pale pale, sote tukiwa tumeinua mikono, mimi na grisi hadi viwikoni. Wengine wakafuata. Mjomba alikitia kila kimoja motoni, akakipinda kifanane na wenzake, na sote wawili tukakikaza mahali pake mbele ya aliyekileta, ili aone kwa macho yake.

Mjomba alikuwa akiguna. Nilimsikia, nikajifanya sisikii. Gari lilikuwa limeinuka, limesimama kama bwana harusi, na mimi dereva wa malori nilijua jambo moja tu kuhusu springi, kwamba zikiwa nyingi ni bora.

Siku ya kulijaribu, Mama alitoka amevaa buibui lake, mkononi ana bakuli la tui.

"Mama, hilo ni la nini?" nikamuuliza.

"Nakaa nyuma, nalipakata," akasema. "Hili tui likimwaika, hini gari haiendi kumtwaa mwanangu."

Mjomba alijaribu kumwambia kwamba hakuna gari duniani lisilomwaga tui. Mama akapanda. Tukatoka mjini, tukafika Makupa, nikakata kushoto kwenye njia mbovu ya kwenda Kibarani, ambayo ilikuwa na mashimo ya kutosha kumfundisha mtu adabu. Shimo la kwanza halikuwa hata kubwa. Nilisikia kishindo, kisha kimya. Nilipogeuka, Mama alikuwa na tui usoni, kifuani, mpaka kwenye kope. Bakuli lilikuwa limebaki mikononi mwake, tupu.

Nikageuza gari tukarudi nyumbani. Alishuka, akajipangusa kwa ncha ya buibui, akatwambia, "Mumeitengezea magunia. Mwanangu si gunia."

Damu ilinichemka. Nalitupa spana, ikaenda kugonga ukuta wa mpishi wa halua, naye akachungulia dirishani akauliza kama chuma chake kimefanya kazi vyema. Nikamjibu kimefanya kazi vyema sana.

"Vitoe," Mjomba akaniambia kwa sauti ya chini. "Springi zikizidi hazinyooki."

"Nivitoe? Nimwambie nini huyu? Nimwambie nini mwalimu? Amekisomea dua, Mjomba!"

"Basi muache mwana apasuke kwa heshima ya majirani."

Hakuwa amekusudia kusema hivyo, na alipokwisha kusema aliketi chini akashika kichwa. Mimi niliingia uvunguni mwa gari kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Niliogopa, nasema kweli. Wingu la kwanza la masika lilikuwa limekwisha kuonekana juu ya bahari, na mimi nilikuwa nimejenga gari ambalo lingefanya kama lile lori, tena kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaanza kufungua. Nilisema nitatoa viwili tu, watu wasitambue. Cha kwanza kiliteleza kikaniangukia tumboni, nikakiacha hapo nipumzike. Kilikuwa kimepinda, na tumbo langu nalo si la mtu anayefunga kila Jumatatu, kwa hiyo kilinikaa sawasawa, kama ubavu wa pili juu ya ubavu. Nikawa nimelala vile, chuma cha mjane juu ya tumbo langu, na juu yake lile tangi limefunika tumbo la gari kama kifuniko cha kaburi. Nikatazama hiki, nikatazama lile. Nikapiga kelele, "Mjomba!" Alikuja mbio akidhani gari limeniangukia.

Tulilitoa tangi lote. Badala yake tulipanga vyuma vya majirani chini ya injini, kimoja kando ya kingine, vimeinama kama mbavu, na bakuli la mafuta likiwa ndani yake. Vilikuwa vyepesi, na chuma cha springi si chuma cha kuchezewa. Jiwe likikigonga hupinda kidogo kisha kikalirudisha jiwe kwao. Kila kimoja tayari kilikuwa na tundu lake katikati, na Mjomba alifua vibano vya kuvishika mwishoni. Gari lilipopungukiwa na uzito ule wa tangi, likahitaji springi chache tu. Hizo Mjomba alizisugua moja moja mpaka zikang'aa, akazipaka mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na grisi, akazifunga kwa vipande vya ngozi alivyovishona mwenyewe kama soksi, ili vumbi lisiingie na chuma kiteleze juu ya mwenzake bila kukwaruza.

Tulipomaliza, Mama alikuwa amesimama mlangoni na msumeno. Aliniita chumbani kwake, akanionyesha kitanda chake cha kamba, kile alichotuzalia mimi na mdogo wangu.

"Kata matendegu," akasema.

Nilikataa. Kitanda kile kilikuwa cha mahari yake, miguu yake imechongwa na fundi aliyekwisha kufa. Mama akachukua msumeno akaanza mwenyewe, na ilinibidi nimpokonye kwa kuwa alikuwa akiuharibu mti. Kisha akakaa na mjane wa mkabala, wakakitanda upya kwa kamba za miyaa, wakizikaza kichwani na miguuni na kuzilegeza katikati, mikono yao ikienda na midomo yao ikienda zaidi. Tulikining'iniza nyuma ya gari kwa kamba nene kwenye pembe nne, hakigusi sakafu wala ubavu. Mama akaja na bakuli jingine la tui.

Nilipita njia ile ile ya Kibarani, kila shimo, hata yale niliyoweza kuyakwepa. Jasho lilikuwa likinitoka kama niliyekuwa nikilisukuma gari. Niliposimama, Mama alikuwa amelala chali kama mwari, bakuli juu ya kifua, na tone moja la tui kwenye kidole gumba. Akalilamba.

"Haya," akasema. "Nendani mukamtwae."

Huko bara, shemegi yangu alitupokea kwa adabu zote, chai na mahamri, kisha akaninong'oneza kwamba neno lake bado ni lile lile. Nikamwambia apande. Alilala kwenye kitanda, mtu mzima mwenye kanzu na kofia, mikono juu ya kifua, nami nikampitisha mbele ya duka lake, kwenye mto mkavu, juu ya mizizi ya mikorosho, na kijiji kizima kikatufuata kikicheka mpaka kushika mbavu. Yeye hakucheka. Alishuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akachungulia chini ya gari muda mrefu.

"Hivi vyuma ni vya nani?" akauliza.

Nikamtajia. Huyu wa halua, huyu mjane, huyu Mhindi wa misumari, huyu mwalimu. Aliwajua wote, maana alioa kutoka mtaa ule na walimkagua vya kutosha. Akasimama akajikung'uta magoti.

"Mtwae, shemegi," akasema. "Na mimi naketi nawe mbele."

Mdogo wangu alipanda. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejua njia anayoirudia. Niliendesha taratibu, Mjomba kule nyuma ameshika pembe ya kitanda, shemegi kando yangu akisoma kila sura aliyoihifadhi tangu chuoni. Tulipokuwa tunateremka milima, kwenye majani marefu, jiwe nisiloliona lilitugonga chini kwa kishindo ambacho nakisikia hata sasa. Nilisimamisha gari. Shemegi alikuwa ameacha kusoma, macho ameyafumba.

Kisha kule nyuma nikasikia sauti ya mdogo wangu, nzito, ya mtu aliyetoka usingizini.

"Kaka, ni nani huyo abishao mlango?"

Alikuwa amelala, akaota yuko nyumbani Kuze, na mtu amekuja kubisha hodi. Mjomba alianza kucheka kwanza. Nilicheka nami mpaka nikaegemea usukani. Shemegi alishuka, akaingia uvunguni, akatoka na vumbi usoni. Chuma cha mjane kilikuwa kimepinda. Bakuli la mafuta halikuwa na hata mkwaruzo.

Tulipofika Makupa nilisimamisha gari bila mtu kuniambia. Nilikwenda nyuma, nikasimama pale pale nilipokuwa nimemteremsha mara ile. Mdogo wangu alinitazama, akajua.

"Usinibebe," akasema. "Nitashuka Kuze kwa miguu yangu."

Na alishuka kwa miguu yake, Mama akimshika mkono huu na mjane mkono ule. Alipokwisha kuingia ndani, mtaa mzima uliinama chini ya gari langu, kila mtu akitafuta chake. Kwanza niliingiwa na hofu, kwa kuwa hakuna tuliyemwambia kwamba tulivihamisha. Mwalimu aliuliza mbona chake kiko mbele kabisa. Mjomba akamjibu kwamba chenye dua ndicho kitanguliacho, naye akaridhika. Mjane alirudi, akachungulia, akapiga kelele, "Changu kimepindika! Mumeona? Changu ndicho kilichomuokoa!" Alitembea na habari hiyo mpaka Idi, na wengine waliokuwa na vyuma vilivyonyooka wakamuonea wivu waziwazi.

Masika yalikuja, yakanyesha, yakatulia. Asubuhi moja mkunga aliingia kwetu na mkoba wake, na wanaume tukatolewa nje. Mimi nilikwenda penye gari. Nilimwambia Mjomba nataka kukaza bolti, naye hakuuliza kwa nini bolti ambazo hazijalegea zinataka kukazwa. Nikajilaza uvunguni na spana, nikakaza kila kitu kinachokazika, kisha nikakirudia tena, masikio yangu yako ndani ya nyumba. Nilimsikia mdogo wangu akilia. Kisha akanyamaza, nami nikaacha kukaza.

Halafu mtoto akalia.

Nilishtuka nikainuka, nikapiga kipaji cha uso kwenye chuma cha mwalimu. Niliona nyota. Vigelegele vilikuwa vimejaa uchochoro mzima, damu inanitiririka hadi sikioni, na sijawahi kuumia nikafurahi vile. Nilirudi nikalala chini, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nikaona miguu ya Mama imesimama kando ya gurudumu.

"Toka huko tini, mjomba mtu," akasema. "Mwana wa kike. Wazima wote wawili."

Nikamwambia naja, nakaza bolti ya mwisho. Nilikuwa nikilia, na sikutaka shemegi anione. Nikageuza uso upande wa pili, na hapo nikamkuta, na kanzu yake nyeupe, amejilaza chini ya gari upande ule, spana ya Mjomba mkononi ameishika juu chini, naye analia kunizidi.